Vifo vya Fundi Makochi

Mama yake alimwona akifa kwa mara ya kwanza akiwa ameshika kikombe cha chai, na kile kikombe hakikumaliza safari ya kwenda mdomoni. Kwenye runinga, mwanawe wa pekee wa kiume alipigwa risasi, akashika moyo upande usio wake, akazunguka kama mtu anayetafuta funguo zilizomponyoka, kisha akaangukia kochi kwa kishindo. Wakati huo mwanawe huyo huyo alikuwa ameketi ubavuni pake, mzima wa afya, akitafuna karanga na kusubiri kusifiwa.

"Umeona nilivyoanguka, mama?"

Mama alikiweka kikombe mezani taratibu, akainuka, akaenda chumbani. Hakula usiku ule. Asubuhi mkwewe alipompelekea kifungua kinywa, alimkuta amekaa kitandani amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Mama, kuna msiba gani tena?"

"Muulize mumeo. Yeye ndiye marehemu."

Jina likatoka nje ya nyumba hiyo kwa kasi ya kawaida ya majina mabaya. Kufikia jioni mtaa mzima ulimwita Marehemu, na yeye akaitika, kwa sababu alikuwa mtu mpole na kwa sababu, tuseme ukweli, lilimpendeza. Wateja waliopita karakanani waliuliza, "Marehemu yupo?" na mkewe alijibu, "Ametoka kidogo, atarudi."

Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa katikati ya duka la dawa lenye milango ya kioo na ofisi ya shule ya udereva, na mbele yake siku zote palikuwa na mifupa ya makochi: fremu zilizovuliwa nguo, springi zimetokeza, sponji kuukuu zimerundikwa kama mikate iliyochacha. Alikuwa fundi mzuri. Kitambaa chake hakikulegea, misumari yake haikuonekana, na mtu aliyekalia kazi yake hakuzama hata akatafutwa. Kasoro yake ilikuwa ile ya mafundi wote. Kochi likiisha Jumatatu, mwenye nalo aliambiwa aje Ijumaa. Siku za katikati zilikuwa mali ya fundi. Wengine huzitumia kukwepa wateja. Yeye alizitumia kuikoa dunia.

Ilianza kwa Dairekta. Huyu alikuwa mpiga video za harusi ambaye msimu wa harusi ulipokauka aliona kamera haiwezi kulala njaa. Akaamua kutengeneza filamu za ujasusi. Alikuwa na kamera moja, rafiki mmoja kinyozi mwenye kifua kipana na miwani ya giza, na bastola mbili za mbao zilizopakwa rangi ya viatu. Kitu pekee alichokosa kilikuwa kochi.

"Adui wa dunia hawezi kukaa kwenye kigoda," alimwambia fundi. "Akisema 'nitailipua dunia' akiwa kwenye kigoda, watu watamwambia ainuke akakamue ng'ombe."

Fundi akamwonyesha kochi la kijani la afisa wa maji, ambalo lilikuwa limeisha na mwenyewe alikuwa ameambiwa aje mwisho wa wiki. Likabebwa hadi ofisi ya shule ya udereva, ambayo ikifungwa jioni ilikuwa makao makuu ya maadui wa kimataifa. Ukutani palikuwa na michoro ya alama za barabarani. Dairekta aliiacha, na adui akaielekeza kwa fimbo akisema hizo ndizo ramani za siri. Kijana wa gereji aliyetakiwa kupigwa risasi alikataa kuanguka, kwa hoja kwamba sakafu ni saruji na mgongo ni wake. Fundi alikuwa amesimama pembeni akilinda kochi lisikwaruzwe. Alijua mahali springi zilipo nzuri na mahali sponji ni nene. Akasema, "Nipigeni mimi." Akaanguka, akadunda kidogo, akatulia. Dairekta alisema hajawahi kuona mtu akifa kwa utaalamu namna ile.

Kuanzia siku hiyo alikufa katika kila sehemu ya *Jasusi Hana Likizo*. Wafanyakazi wa filamu walikuwa wachache, kwa hiyo ilibidi wakati mwingine afe zaidi ya mara moja katika hadithi ileile: mwanzoni kama mlinzi mwenye kofia, mwishoni kama daktari mwenye ndevu za pamba. Hakuna mtazamaji aliyelalamika. Tulichukulia kwamba ni ndugu.

Watu wa nje hawakutuelewa. Filamu za ng'ambo zilikuwepo, zenye helikopta za kweli na bahari inayowaka moto, na zilipatikana kwa urahisi kuliko maji. Lakini helikopta yetu sisi ilikuwa mlio wa mashine ya kusaga nafaka na kivuli cha feni, na ilipopita juu ya mtaa wote tuliinamisha vichwa. Ulaya ilikuwa mlango wa duka la dawa. Maandishi yalitokea chini, "ULAYA, SAA HIYO HIYO", na watu wote waliingia kwenye picha wamevaa sweta huku jasho likiwatiririka. Gari lilikuwa moja. Jasusi alilikimbiza akiwa ndani ya hilohilo, na wote wawili, mkimbizaji na mkimbizwaji, walimpita mama yuleyule akianika nguo zilezile. Kwa kuwa Dairekta alitumia programu aliyozoea ya harusi, kila ngumi nzito ilipopigwa skrini ilifunikwa na maua ya waridi, kisha yakafunguka tukamwona adui ameshalala.

Tulizipenda kwa sababu mambo yake yaliwezekana. Jasusi aliingia ofisini, akasema "Nataka faili", akapewa faili. Hakuambiwa mhusika ametoka, hakuambiwa arudi kesho na nakala ya kitambulisho. Simu yake ilishika mtandao hata chini ya ardhi. Walinzi wa adui, japo hawakulipwa vizuri kwa jinsi viatu vyao vilivyoonekana, walifika kazini kwa wakati na wote. Na adui mwenyewe, hilo ndilo lililotugusa zaidi, alikuwa muungwana: kabla ya kukuua alikueleza mpango wake wote toka mwanzo, kwa utulivu, na akajibu maswali. Sisi waliotupangia mabaya maishani, mwenye nyumba, mkuu wa idara, jamaa wa bili ya umeme, hakuna hata mmoja aliyewahi kutueleza chochote.

Halafu kulikuwa na makochi. Nusu ya watazamaji walikuja kuona makochi yao. Afisa wa maji aliita ukoo mzima kuangalia adui akilala kwenye kochi lake la kijani, na tokea hapo wageni wake walikaa wakiwa wamenyooka mgongo. Kochi likichukuliwa na mwenyewe katikati ya kazi, adui alikaa kwenye la kijani na kuinuka kutoka la kahawia. Dairekta alipoulizwa, alijibu, "Mtu mwenye hela za kulipua dunia atakosa za kubadilisha kochi?"

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mama yake fundi alivumilia vifo kadhaa, kila kimoja akikiombolezea faragha, hadi siku mwanawe alipokufa kwa sumu. Kifo cha sumu kilikuwa kirefu. Fundi alitoa povu la sabuni, akasema maneno ya mwisho, akayarudia. Mama aliinuka kabla mwanawe hajakata roho. Asubuhi mkewe fundi alikuta begi limefungwa, limesimama mlangoni.

"Naenda kwa binti yangu," mama alisema. "Nitakaa huko. Huku nimechoka kuzika."

Fundi akatoka na mswaki mdomoni. "Mama, ni mchezo. Si unaniona niko hapa?"

"Najua ni mchezo. Unadhani mimi ni mtoto? Baba yako naye alikuwa akicheza. Kila ugomvi, 'Nikifa mtanikumbuka.' Kila chumvi ikizidi, 'Nikifa mtanikumbuka.' Akafa. Na chumvi bado inazidi."

"Baba alikuwa na presha, mama."

"Na wewe una nini? Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Unajichuria hadharani na watu wanakupigia makofi. Bandu bandu huisha gogo, mwanangu. Unakufa kidogo kidogo, siku moja utamaliza."

Mkewe fundi, ambaye alimpenda mama mkwe wake kuliko wanawake wengi wanavyokiri, alishika mkono wa begi. "Mama, ukienda nani atanisaidia kumsema?"

Mama alifikiri. Hiyo ilikuwa hoja nzito. Akageuka kwa mwanawe. "Sawa. Filamu ijayo nitakuja kukaa mbele kabisa. Nikuone unaingia mzima, unatoka mzima. Ukifa tena, hata kwa mafua, naondoka na sirudi. Nitakulilia nikiwa kwa dada yako, huko nyumba ina nafasi."

Fundi alimfahamu mama yake. Mama huyo alipomkasirikia mchinja nyama, aliacha kula nyama hadi yule mtu alipohama mji. Fundi akaenda moja kwa moja kwa Dairekta, mswaki mfukoni.

"Nataka kuishi," alimwambia.

Dairekta alikuwa anasafisha lenzi kwa shati lake. "Kuishi kivipi?"

"Mpaka mwisho. Mpaka yale majina yanapanda."

"Marehemu, wewe ndiye unayejua kufa. Nikimpa kinyozi afe, atajali miwani."

"Basi tafuta sponji kwingine. Na makochi."

Dairekta aliacha kusafisha. Akamfuata fundi hadi karakanani, akayatazama makochi yaliyoisha moja baada ya jingine kama mnunuzi, akasimama mbele ya moja la watu watatu, la mahameli nyekundu iliyoiva, lenye vifungo mgongoni na miguu iliyochongwa. Akalipapasa. Sauti yake ikapungua.

"Hili ni la nani?"

"La mwalimu mkuu mstaafu. Wakwe zake wanakuja Jumamosi. Asubuhi na mapema lazima liwe kwake."

"Nalihitaji wiki hii tu. Sikiliza. Utakuwa Mkuu wa Idara ya Siri. Hutoki ofisini. Unakaa hapa, unapiga simu, unampa kinyozi amri. Risasi zote ziko nje, wewe uko ndani. Nani atakuua?"

Fundi alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba amepandishwa cheo. Mama akauliza kama cheo hicho kina madirisha, maana watu hupigiwa risasi madirishani. Akaambiwa hakina. Begi likarudi chumbani, ingawa halikufunguliwa.

Kupiga picha kulikwenda vizuri siku ya kwanza. Fundi alikaa kwenye mahameli amevaa koti la mwalimu wa udereva, akasema, "Jasusi, dunia imebakiza saa moja," na kinyozi akajibu, "Mkuu, saa moja kwangu ni nyingi." Siku ya pili umeme ulikatika. Siku ya tatu kinyozi alikuwa na wateja wa harusi. Ijumaa shule ya udereva ilikuwa na mitihani. Kwa hiyo ilifika Jumamosi asubuhi, na Mkuu wa Idara ya Siri alikuwa bado amekaa kwenye kochi la mwalimu, akiwa amemwambia mwenyewe kwa simu kwamba sponji ndiyo imeingia sasa hivi na mafundi wako mbioni.

"Mkuu," kinyozi alikuwa akisema, bastola mkononi, "adui wetu hana sura. Anaweza kuingia mlango wowote."

Mlango ukafunguka, akaingia mwalimu mkuu.

Alikuwa mwanamke mnene, aliyesimama wima, amefika kwa miguu na hasira zake zikiwa zimepata muda wa kuiva njiani. Aliwafundisha wote watatu, na wote watatu aliwahi kuwasimamisha mbele ya darasa.

"Wewe!" alisema. "Sponji imeingia sasa hivi?"

Mkuu wa Idara alifungua mdomo. "Mwalimu..."

"Simama. Simama nikuone."

Akasimama, mikono nyuma, kama alivyofunzwa. Kinyozi alificha bastola mgongoni.

"Na wewe mwenye miwani ndani ya nyumba, weka hicho kijiti chini. Kochi langu linafanya nini kwenye shule ya udereva? Linajifunza kuendesha? Wakwe zangu wako njiani, nimeazima viti vya kanisa! Mnataka nikawaambie wakwe wakae juu ya nini, juu ya maneno yenu?"

Mtu mwingine yeyote angezima kamera. Lakini Dairekta alikuwa amepiga harusi nusu ya umri wake, na mpiga harusi ana sheria moja iliyomkaa mifupani: mama wa makamo akiingia akipaza sauti, achana na maharusi, mfuate usoni. Ukimkosa huyo, hulipwi. Mikono yake ilimgeukia mwalimu bila hata kumwuliza yeye mwenyewe. Ikamfuata akinyoosha kidole, ikamfuata akipiga kofi mto wa kochi kutoa vumbi, ikawafuata Mkuu wa Idara ya Siri na jasusi wake bora wakilibeba kochi mlangoni huku wakihema, na yeye nyuma yao akiwaamuru.

"Pole pole! Miguu ya mbele kwanza! Miguu ya mbele, nimesema, wewe tangu darasa la tatu hujui mbele ni wapi!"

Wakwe walipata pa kukaa. Lakini jioni, alipotazama alichokipiga, Dairekta alishindwa kufunga mdomo. Hakuna mwigizaji wa mtaa wetu, wala wa mtaa mwingine wowote wenye umeme, ambaye angeweza kuingia mlangoni vile. Kwa usiku mmoja hadithi ikageuka. Adui asiye na sura akapata sura. Akaitwa Malkia wa Kivuli, anayeteka makao makuu ya siri kwa sauti tu. Dairekta alikwenda kumwomba mwalimu ruhusa. Mwalimu aliuliza swali moja: kochi linaonekana lote au nusu? Akaambiwa lote, pamoja na miguu. Akaruhusu.

Tatizo likabaki kwa Mkuu.

"Lazima ufe," Dairekta alimwambia fundi karakanani.

"Tulipatana."

"Tulipatana kabla hujanyang'anywa kochi. Mkuu wa idara akinyang'anywa kochi mbele ya kamera na akabaki hai, nani atamheshimu?"

"Nitaishi bila heshima. Wengi wanaishi hivyo."

"Hatutakuua hasa. Utajeruhiwa."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

Fundi alivua koti la mwalimu wa udereva, akalikunja kwa upole, akamkabidhi. "Dairekta, ukiniua mimi, unamhamisha mama yangu. Mimi nilipokuwa mdogo yule mwanamke alinibeba mgongoni hadi hospitali, maana gari hatukuwa nalo hata la kuigiza. Sasa anaogopa kunizika. Acha aniogopee kwa kitu cha maana."

Dairekta akalichukua koti, akaondoka. Fundi hakwenda tena kupiga picha. Dairekta alimwita, akamwambia kamera inamsubiri, akatuma kinyozi. Fundi alipiga misumari yake. Mwishowe Dairekta akapiga simu, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Haya, bwana, hufi. Baki karakanani kwako. Nitamaliza kwa njia yangu."

Fundi aliyapokea maneno hayo kama kiapo. Akaenda nyumbani akamwambia mama yake ajiandae.

Siku ya maonyesho shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa karakana na makochi yakapangwa mbele, yaliyoisha na yasiyoisha, na waliochelewa walikaa kwenye fremu tupu na kujikunja kati ya springi. Mama alikaa mbele kabisa kama alivyoahidi, kati ya mwanawe na mkwewe. Mwalimu mkuu alikaa nyuma yao pamoja na wakwe zake, waliokuja rasmi kuthibitisha kwamba kweli ni kochi lile walilolikalia.

Filamu ilianza na mlio wa mashine ya kusaga, tukainama. Ulaya ilipita, sweta zikapita. Mkuu wa Idara ya Siri akatokea kwenye mahameli, akapiga simu, na mama akaegemea mbele kidogo. "Umekaa vizuri," alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya sifa tangu sanaa hii ianze, na fundi alimshika mkewe mkono gizani. Kisha mlango ukafunguka. Mwalimu alipoingia karakana nzima ilishangilia, alipomwambia jasusi aweke kijiti chini, watu walisimama juu ya makochi, alipoamuru miguu ya mbele, mzee mmoja wa wakwe alijipiga kofi gotini akasema, "Ndiye huyu! Hata nyumbani ni huyu huyu!"

Baada ya kochi kutoka, skrini ilifunikwa na maua ya waridi. Yalipofunguka, palisikika mlio wa risasi, na pale alikuwa Mkuu wa Idara ya Siri, ameshika moyo upande usio wake, akizunguka kama anayetafuta funguo. Akaangukia kochi la kijani la afisa wa maji. Akadunda. Akatulia.

Wengine wetu tulipiga makofi kwa mazoea. Fundi hakusogea. Alikuwa amekitambua kifo chake kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Dairekta, kwa kukosa maiti mpya, alikuwa ameenda kwenye kanda zake za zamani akachukua kile cha kwanza kabisa, akakishona hapo bila hata kubadili uzi. Fundi alimgeukia mama yake taratibu.

Mama alikuwa ameshasimama.

"Simamisha," alisema. Hakupaza sauti, lakini Dairekta aliyekuwa nyuma na mashine yake alisimamisha. "Rudisha kidogo. Hapo. Hapo anapozunguka."

Springi zikalia, watu wote wakiinama mbele kutazama.

"Hilo shati ni la mistari," mama alisema. "Pale kwenye simu alikuwa na koti. Koti limeenda wapi?"

"Mama, ni..." Dairekta alianza.

"Mimi sijakuuliza wewe, nauliza koti. Hilo shati la mistari nililikata mimi kwa mkono wangu baada ya ule msiba wa kwanza, sikutaka kuliona tena ndani ya nyumba. Nikafanya kitambaa cha kufutia meza. Leo asubuhi nimefutia chai." Akageuka kututazama sote, kama aliyekuwa akitafuta mtu wa kumbishia. "Mtu anakufaje amevaa kitambaa cha meza?"



Alimwinamia mwanawe, akamshika mkono juu ya kiwiko, akauminya kama anayepima nyanya sokoni. "Hukwenda," alimwambia. "Ulikataa."

"Nilikataa, mama."

"Hiki ni kile cha zamani. Tulishakilia." Alikuwa akihesabu kitu kichwani, na tuliona hesabu ikikaa sawa. "Gogo halikubanduliwa," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Ndipo akamnyooshea Dairekta kidole. "Na wewe, mzembe! Unadhani utazika mtu wangu mara mbili kwa jeneza moja? Kama huna shati la kumuulia, usimuue!"

Kicheko kilianzia kwa mwalimu mkuu, na kikiisha kuanza kwake hakuna mwanafunzi wake aliyethubutu kubaki nyuma. Watu walicheka mpaka fremu moja ikavunjika. Mama aliketi, akavuta nguo yake vizuri magotini. "Endelea," alisema. "Nataka kuona huyu mwalimu anaishia wapi na lile kochi."

Begi lilifunguliwa usiku uleule. Mkewe fundi alisikia zipu.

Lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Mtu akishaona mshono, haachi kuuona, na mama alikuwa ameuonyesha mtaa mzima mshono. Kila mtu alipopigwa risasi, watazamaji walipiga kelele "Shati! Shati!" na Dairekta alikonda. Alijaribu kuwaua watu vifua wazi. Kinyozi akapata mafua. Mwisho akaja mwenyewe nyumbani kwa fundi, amevua kofia, akamwomba mama akubali kuja kuangalia mavazi wakati wa kazi, ili aliyeingia na koti afe na koti.

Mama alimfanya asubiri hadi chai ikaisha. Akauliza kama atakuwa anakaa karibu.

"Karibu na kamera, mama."

"Sitaki kamera. Karibu na mwanangu."

Kwa hiyo sasa fundi anakufa tena, kwa ruhusa, mbele ya macho ya mama yake. Mama anakuja na kikapu chenye sindano na vifungo, anakagua kola za majasusi, anawafuta maadui jasho, na haruhusu risasi kabla hajajaribu kochi kwa kiganja chake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Dairekta hana vifaa vya kutenganisha sauti. Katika sehemu iliyotoka mwezi uliopita, ukisikiliza vizuri baada ya mlio wa bastola, wakati Marehemu ameshika moyo na anaanza kuzunguka, unamsikia mwanamke mzee akisema kwa upole, "Angalia mgongo, mwanangu," na maiti inasogea kidogo kushoto kabla ya kuanguka.